Maswali na Majibu: Mwanafunzi Kuitathmini na Kuiboresha Kazi Yake ya Utafiti

Maswali haya ni ya walimu tarajali wa mwaka wa mwisho wanaojiandaa na mtihani wa Upimaji na Tathmini pamoja na ule wa Mbinu za Utafiti. Nimeyachanganya kwa makusudi, kwa sababu mwalimu tarajali anaandika utafiti wake mwaka huu na mwaka ujao atasimamia kazi za wengine. Mifano mingi inatoka kwenye utafiti mmoja wa kubuni: mwanafunzi anachunguza uhusiano kati ya chakula cha mchana shuleni na mahudhurio ya wanafunzi wa kidato cha pili katika sekondari nne za kutwa za wilaya moja. Shule mbili zina chakula, mbili hazina.

Swali la 1. Eleza maana ya kujitathmini katika kazi ya utafiti. Kuna tofauti gani kati ya kujitathmini na kujipa alama? (Alama 5)

Kujitathmini ni mwanafunzi kuisoma kazi yake kwa vigezo vinavyojulikana, kuona ilipopungua, kisha kuirekebisha. D. Royce Sadler, mtaalamu wa upimaji kutoka Australia, aliyaeleza masharti yake mwaka 1989: mwanafunzi awe na picha ya kazi bora ilivyo, aweze kuilinganisha picha hiyo na kazi aliyonayo mkononi, na achukue hatua ya kupunguza tofauti anayoiona.

Kujipa alama kunaishia njiani. Anayeandika "nastahili 70" hajasema ni aya ipi ifutwe wala ni swali gani la hojaji limekosewa. Mtahiniwa asisahau kipengele cha marekebisho. Bila hicho jibu halijakamilika.

Swali la 2. "Msimamizi akisahihisha vizuri, mwanafunzi ataboreka." Jadili. (Alama 10)

Kauli hii ni kweli kwa sehemu. Msimamizi anahitajika kwa sababu mwanafunzi anayeandika utafiti kwa mara ya kwanza hajawahi kuzalisha kazi ya aina hiyo, na huenda hajawahi hata kuisoma iliyo nzuri. Lakini Sadler alianzia kwenye jambo lililomsumbua: wanafunzi wanaosahihishwa kwa usahihi kabisa mara nyingi hawaboreki. Maelezo yake ni kwamba uwezo wa kuamua kipi ni bora unabaki kwa mwalimu. Mwanafunzi anapokea hukumu bila kujua imefikiwaje.

Angalia yanayoipata rasimu ya kawaida. Msimamizi amezungushia duara aya tatu kwenye ukurasa wa 14. Mwanafunzi anazirekebisha hizo tatu kwa bidii, na aya nyingine tano zenye kosa lile lile, ukurasa wa 22, zinarudi zilivyokuwa. Si uvivu. Alichokiona ni duara, kosa hakuliona. Maoni yenyewe nayo yana shida: "fafanua", "boresha", "haieleweki". Anayeweza kuyafanyia kazi maneno hayo ni yule anayejua tayari ufafanuzi mzuri unakuwaje, na huyo asingeandika aya ile tangu mwanzo.

Msimamo wangu ni kwamba kazi kubwa ya msimamizi ni kumwonyesha mwanafunzi jinsi yeye mwenyewe anavyoamua, aya kwa aya, hadi mwanafunzi aanze kuamua kabla ya kuulizwa. Mtahiniwa anaweza kuwa na msimamo tofauti, mradi autolee sababu.

Swali la 3. Je, mwanafunzi anaweza kuaminiwa kuipima kazi yake? Toa ushahidi. (Alama 10)

Mwaka 1999 Justin Kruger na David Dunning wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichapisha majaribio yaliyohusu ucheshi, mantiki na sarufi. Kundi lililofanya vibaya zaidi lilikuwa, kwa wastani, limewazidi asilimia 12 tu ya washiriki, lakini wenyewe walidhani wamewazidi asilimia 62. Miaka kumi kabla, David Boud na Nancy Falchikov walikuwa wamepitia tafiti nyingi za vyuo vikuu zilizolinganisha alama za walimu na zile ambazo wanafunzi walijipa. Mwelekeo ulikuwa huo huo: wanaofanya vizuri hujipunja, wanaofanya vibaya hujipendelea.

Watahiniwa wengi huishia hapo na kuhitimisha kwamba kujitathmini hakufai. Hilo ni kosa. Katika jaribio lao la mwisho, Kruger na Dunning waliwapa baadhi ya washiriki mafunzo mafupi ya mantiki, na waliofanya vibaya wakaanza kuona makosa yao wenyewe. Anayekosa ujuzi wa kufanya hukosa pia ujuzi wa kuona, na ukimfundisha kimoja umemfungulia kingine. Anayetaka alama za juu ataongeza kwamba wapo watakwimu waliopinga baadaye, wakisema sehemu ya tofauti ile inatokana na hesabu zenyewe zinavyofanya kazi, kwa kuwa aliye chini kabisa hana pa kukosea isipokuwa kwenda juu.

Swali la 4. Kwa kutumia utafiti wa chakula na mahudhurio, onyesha mwanafunzi anavyoweza kukagua uti wa mgongo wa kazi yake. (Alama 20)

Uti wa mgongo wa utafiti ni safu inayoanza na tatizo, ikapita kwenye malengo mahususi, maswali, data, uchambuzi, na kuishia kwenye mapendekezo. Mapungufu makubwa ya kazi za wanafunzi niliyoyaona yako hapa, na ndiyo magumu kuonekana kwa sababu kila sura ikisomwa peke yake inapendeza.

Njia rahisi ya kukagua ni kuchukua karatasi moja pana na kuchora safu sita: lengo mahususi, swali la utafiti, data inayohitajika, inakotoka data hiyo, namna itakavyochambuliwa, na ukurasa yalipo matokeo yake. Kisha jaza bila kufungua sura za katikati, kwa kumbukumbu tu, halafu ndipo ulinganishe na kilichoandikwa.

Tuseme mwanafunzi wetu ana malengo matatu: kubaini aina ya chakula kinachotolewa, kuchunguza uhusiano wa chakula na mahudhurio, na kupendekeza njia za kuboresha huduma hiyo. Lengo la kwanza linajazika. Data ni usaili na mwalimu anayesimamia chakula pamoja na daftari la stoo. La pili linataka rejista za mahudhurio za shule zote nne kwa muhula mzima, lakini akifika safu ya nne anagundua kwamba chombo chake pekee kwa lengo hili ni hojaji yenye swali "Je, chakula kinakufanya uhudhurie shule?" Hiyo ni data ya maoni. Mahudhurio yenyewe hayajapimwa popote. Kasoro hii haionekani kwa kusoma sura ya tatu, kwa sababu sura ya tatu inazungumzia hojaji kwa ufasaha kabisa.

Lengo la tatu lina tatizo jingine. Kupendekeza ni matokeo ya utafiti, na hakukusanyiwi data peke yake. Malengo ya namna hii ni mengi vyuoni, na huwa yanaacha safu nne tupu. Alifute au aligeuze: kuchunguza changamoto ambazo kamati za shule zinakutana nazo katika kugharamia chakula. Hapo kuna wa kuulizwa na kuna cha kuchambua.

Sasa akague kwa kurudi nyuma, kuanzia mapendekezo. Ameandika "Serikali itoe elimu kwa jamii kuhusu umuhimu wa chakula shuleni." Ni mtafitiwa gani aliyesema jamii haijui umuhimu huo? Kama wazazi waliosailiwa walisema wanaujua ila mahindi huisha kabla ya mavuno mapya, pendekezo hilo halikutoka kwenye utafiti huu. Lilikuwa kichwani mwake kabla hajaanza. Kila pendekezo lionyeshwe kwa kidole matokeo yaliyolizaa, na lile lisilo na mzazi liondoke hata kama linasikika vizuri.

Maneno ya kichwa cha kazi yanakaguliwa mwisho. Neno "mchango" katika "Mchango wa chakula cha mchana katika mahudhurio" linaahidi kuthibitisha kwamba kimoja kinasababisha kingine. Akiwa na shule nne tu, zisizochaguliwa kwa bahati nasibu, ahadi hiyo hawezi kuitimiza. "Uhusiano" linambeba.

Swali la 5. Shule nne zina jumla ya wanafunzi 360 wa kidato cha pili. Kokotoa sampuli kwa kanuni ya Yamane, kisha eleza mwanafunzi atajuaje kama sampuli yake inafaa. (Alama 15)

Kanuni ya Taro Yamane, inayorejelewa kwa kitabu chake cha takwimu cha 1967, ni n = N ÷ (1 + N × e²). N ni idadi ya walengwa wote na e ni kiwango cha kosa kinachokubalika.

Kwa e ya 0.05: 360 × 0.0025 = 0.9. Ukijumlisha 1 unapata 1.9. 360 ÷ 1.9 = 189.47, yaani wanafunzi 190.
Kwa e ya 0.10: 360 × 0.01 = 3.6. Ukijumlisha 1 unapata 4.6. 360 ÷ 4.6 = 78.26, yaani wanafunzi 79.

Hesabu ni ile ile, watu ni wale wale, na majibu yamepishana kwa zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo anayeandika "sampuli ilipatikana kwa kanuni ya Yamane" bila kutaja e na sababu ya kuichagua hajaeleza kitu. Swali la kwanza la kujiuliza ni hilo. La pili: je, wanafunzi hao 79 walipatikana kwa bahati nasibu, au mwalimu wa zamu aliwaita waliokuwa karibu na ofisi? Kanuni inakupa idadi tu, haikuchagulii watu.

Swali la tatu ndilo zito zaidi, na linahusu utafiti huu hasa. Mwanafunzi wetu alifika shuleni Jumanne akagawa hojaji kwa waliokuwepo darasani. Utafiti ni wa mahudhurio, na watoro hawakuwepo siku hiyo. Sampuli yake imewaacha nje watu ambao utafiti unawahusu kuliko wengine wote, na kuongeza idadi hata ikafika 190 hakutaponya jeraha hilo. Dawa ni kuchagua majina kutoka kwenye orodha ya walioandikishwa, kusoma rejista zao, na kuwatafuta waliokosekana siku nyingine au kupitia kwa wazazi. Mtahiniwa akiliona hili bila kudokezwa, ameelewa somo.

Kanuni ya Yamane haitumiki kwa wazazi sita waliochaguliwa kwa usaili wa kina. Hao wanachaguliwa kwa kile wanachokijua, na usaili unasimama pale wanaofuata wanaporudia yaliyokwisha kusemwa.

Swali la 6. Sahihisha sentensi mbili hizi kutoka sura ya nne, ueleze kosa la kila moja. (Alama 8)

(a) *"Asilimia 58.3 ya walimu walikubali kwamba chakula kinapunguza utoro."*

Walimu walioulizwa walikuwa 12, na waliokubali ni 7. Asilimia yenye nukta inampa msomaji picha ya watu wengi waliopimwa kwa umakini mkubwa. Mwalimu mmoja akibadili jibu, asilimia inaruka hadi 66.7 au inashuka hadi 50. Iandikwe: "Walimu 7 kati ya 12 walikubali."

(b) *"Utafiti umethibitisha kuwa chakula kimeongeza mahudhurio."*

Neno "kimeongeza" linahitaji kujua mahudhurio kabla chakula hakijaanza, na "umethibitisha" linahitaji zaidi ya hapo. Huenda shule zenye chakula ziko karibu na nyumba za wanafunzi, au wazazi wao wana kipato cha kuweza kuchangia. Akiwa ameshasoma rejista, iandikwe: "Katika shule mbili zenye chakula, mahudhurio yaliyoandikwa kwenye rejista yalikuwa juu kuliko katika shule mbili zisizo nacho. Utafiti huu hauwezi kutenganisha chakula na umbali wa kutoka nyumbani wala kipato cha wazazi." Sentensi ya pili humtia mwanafunzi hofu, akidhani inamshushia kazi. Kwa mtahini mzoefu ndiyo inayoipandisha.

Swali la 7. Tumia ngazi za Biggs na Collis kumsaidia mwanafunzi kupima mapitio yake ya machapisho. (Alama 12)

John Biggs na Kevin Collis walichapisha mwaka 1982 ngazi tano za ubora wa jibu la mwanafunzi. Katika ngazi ya kwanza jibu halijagusa hoja. Katika ya pili limegusa jambo moja. Katika ya tatu limegusa mambo mengi yasiyounganishwa. Katika ya nne mambo hayo yanaunganishwa yakawa kitu kimoja. Katika ya tano yanavuka muktadha wake na kuzaa wazo pana zaidi.

Mapitio mengi ya wanafunzi yamekwama ngazi ya tatu, na dalili yake iko kwenye vichwa vya aya. Kila aya inaanza na jina la mwandishi na mwaka: fulani alisema, fulani naye aligundua, fulani alibainisha. Zikibadilishwa nafasi hakuna kinachoharibika, na hicho ndicho kipimo. Mwanafunzi azikate aya zake, azipange upya ovyo, asome. Kama mtiririko haujapungua kitu, hapakuwa na mtiririko.

Kupanda hadi ngazi ya nne, aanze aya na hoja badala ya jina. Kwa mfano, aya ikusanye waandishi wanaokubaliana kwamba chakula huwavuta watoto wadogo wa shule za msingi, ifuate ya wale waliokuta athari ndogo kwa vijana wa sekondari, halafu aulize kwa nini wanapishana: umri, kazi za nyumbani, au namna mahudhurio yalivyopimwa? Pengo la utafiti linazaliwa hapo. Kuandika "hakuna utafiti uliofanyika katika wilaya hii" hakutoshi, maana wilaya ambazo hazijafanyiwa utafiti ni nyingi na wilaya peke yake si sababu.

Ngazi ya tano sitarajii kwa shahada ya kwanza, na msimamizi asimlaumu mwanafunzi kwa kutoifikia.

Swali la 8. Taja ukaguzi wa lazima katika marejeleo. (Alama 5)

Kila chanzo kilichotajwa ndani ya matini kiwe kwenye orodha ya mwisho, na kila kilicho kwenye orodha kiwe kimetajwa ndani. Majina na miaka ilingane. Mwanafunzi awe ameifungua na kuisoma kazi anayoitaja, si kuiokota kutoka orodha ya mtu mwingine. Siku hizi kuna la nne: programu za akili unde huweza kutoa rejeleo lenye jina la mwandishi, jarida na kurasa, na kazi hiyo isiwepo duniani. Rejeleo ambalo mwanafunzi hawezi kulionyesha kwa mkono wake lifutwe, pamoja na sentensi iliyolitegemea.

Swali la 9. Mwanafunzi ana barua zote za kibali. Je, amekamilisha suala la maadili? (Alama 6)

Hapana. Nchini Tanzania vibali vya utafiti vinasimamiwa na COSTECH, iliyoundwa kwa Sheria Na. 7 ya 1986. Kenya ipo NACOSTI, chini ya sheria ya 2013. Mwanafunzi wa chuo hubeba barua ya utambulisho inayopita ofisi za mkoa na wilaya hadi shuleni. Barua inafungua lango la shule. Hairidhii kwa niaba ya mtoto.

Ripoti ya Belmont ya Marekani, ya mwaka 1979, iliandaliwa baada ya kufichuka kwa utafiti wa kaswende wa Tuskegee, ulioendeshwa kati ya 1932 na 1972 kwa wanaume weusi walionyimwa ukweli na tiba. Iliweka misingi mitatu: kumheshimu mtu, kumtakia mema, na haki. Kwa mwanafunzi wetu, kumheshimu mtu kunakuja na swali la wazi: hojaji ilipogawiwa na mwalimu wa darasa, je, kulikuwa na mtoto aliyeweza kusema "sitaki"? Kama hakuwepo, ridhaa haikupatikana, hata kama mzazi alitia saini.

Swali la 10. Wewe ni mwalimu. Utawafundishaje wanafunzi kujitathmini ndani ya muhula mmoja? (Alama 15)

Nitaanza na kazi za watu wengine, kwa sababu jicho hujifunza kwanza kwa kisichokuwa chake. Nitachukua kurasa chache za kazi za miaka iliyopita, nzuri, ya wastani na dhaifu, nitaondoa majina, na kuwaomba wanafunzi wazipange kwa ubora kabla sijawapa vigezo vyovyote. Mabishano yao ndiyo yatakayozaa vigezo. Jedwali la vigezo nililoandika peke yangu na kuligawa siku ya kwanza litahifadhiwa vizuri kwenye faili na halitasomwa.

Baada ya hapo wasomeane rasimu wawili wawili, kila mmoja akiandika swali moja ambalo rasimu ya mwenzake haijalijibu. Swali linachukulika kirahisi kuliko lawama. Kisha kila mwanafunzi awasilishe rasimu pamoja na nusu ukurasa akieleza sehemu anayoiona dhaifu zaidi, sababu yake, na alichojaribu kufanya. Mimi nitatoa maoni kwanza kwenye nusu ukurasa huo: amekiona kweli, au amekitaja kidogo akaacha kikubwa? Maoni yangu yatamfikia akiwa tayari ameshaamua, kwa hiyo atakuwa na cha kulinganisha.

Alama za kujitathmini sitaziingiza kwenye alama za mwisho. Zikiingia, mwanafunzi ataacha kusema ukweli kuhusu udhaifu wake, na hapo zoezi zima linakufa. Darasa la watu wengi halitaniruhusu kusoma kila nusu ukurasa kila wiki. Nitasoma za kundi moja kwa zamu, na kusoma mbili tatu kwa sauti mbele ya wote kwa idhini ya wenyewe.

Swali la 11. Mwanafunzi amebakiza siku tatu kabla ya kuwasilisha, na amegundua kasoro nyingi. Afanye nini kwanza? (Alama 4)

Aanze na yale yanayobadilisha maana: lengo lisilo na data, dai lililozidi ushahidi, pendekezo lisilo na chanzo. Siku ya pili ni ya marejeleo na majedwali, kuhakikisha jumla zinalingana na idadi ya watafitiwa. Tahajia, pambizo na namba za kurasa ni za siku ya mwisho, ingawa mikono yake itatamani kuanza nazo kwa sababu ni rahisi. Kasoro asiyoweza kuitengeneza tena, kama ile ya watoro wasioulizwa, aiandike waziwazi katika mipaka ya utafiti, aseme imeathiri matokeo yapi na kwa upande gani: kwa kuwa waliojaza hojaji ni waliokuwepo, huenda mahudhurio yameonekana mazuri kuliko yalivyo. Siku ya utetezi ataulizwa jambo hilo, na jibu litakuwa limeshaandikwa kwenye kazi yake.